SOMO: KITU CHA MGENI ULICHOOKOTA NJIANI

Mafungu ya kusoma kwanza: Kumbukumbu la Torati 22:1-3; Kutoka 23:4; Walawi 6:1-5; Mwanzo 43:12; 2 Wakorintho 8:20-21.



Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi wanaliona kuwa dogo. Hatutasema juu ya mwizi anayevunja mlango usiku. Mwizi yule anajijua. Tutasema juu ya mkristo anayepita njia asubuhi, hana wazo baya moyoni, halafu anaona kitu chini. Hakuna anayemtazama. Mwenyewe hajulikani. Mkristo huyu afanye nini?

Kwetu Nguba swali hili si la mbali. Njia yetu ndiyo inashuka kwenda mpaka wa Ruzizi ya Kwanza. Kila asubuhi watu wengi wanapita hapa: wachuuzi wanaotoka ng'ambo na nyanya, maziwa na mayai, watu wetu wanaovuka kwenda Kamembe, motari wa pikipiki, wanafunzi, wagonjwa. Pale watu wengi wanapopita, vitu vingi vinaanguka. Ni heri tujifunze mapema, maana siku utakapoona sakoshi chini hautapata saa ya kufungua Biblia.

I. NENO LA MUNGU LINASEMA NINI

Katika Kumbukumbu la Torati 22, Mungu anafundisha Israeli juu ya ng'ombe na kondoo wanaopotea. Halafu anaendelea: punda, nguo, na kila kitu ambacho ndugu amepoteza. Tunapata pale mambo matatu.

La kwanza: usipite kama mtu asiyeona. Kuna watu wanaosema, "Mimi sikugusa, basi sina kosa." Lakini Mungu anakataza hata kujificha. Ukiona, umekwisha kuingia katika jambo hilo.

La pili: kama mwenyewe yuko mbali au haumjui, peleka kitu kwako, ukichunge mpaka akitafute. Tuangalie vizuri hapa. Mungu hasemi kwamba kitu kimekuwa chako kwa sababu mwenyewe hajulikani. Kutojulikana kwa mwenyewe kunakupa kazi, hakukupi mali.

La tatu: rudisha. Kuchunga si mwisho wa amri. Mtu anaweza kuchunga kitu miaka kumi ndani ya sanduku, akasema moyoni, "Mwenyewe hakuja." Lakini yeye aliambia nani kwamba kitu kiko kwake?

Katika Walawi 6 Mungu anahesabu makosa ya mtu kumdanganya mwenzake: kukana kitu alichowekeshwa, kunyang'anya, kuonea. Katika hesabu ile ile anaweka mtu aliyeokota kitu kilichopotea akakana. Mtu huyo anapaswa kurudisha kitu chote, na kuongeza sehemu moja ya tano. Kama aliokota dola 100 akazificha, atarudisha 120. Kwa nini kuongeza? Kwa sababu siku zile alizoficha, mwenyewe alikuwa anateseka.

Tena kuna baba yetu Yakobo. Wanawe walirudi kutoka Misri na chakula, wakakuta feza zao zimerudi katika midomo ya magunia. Ilikuwa wakati wa njaa kali. Yakobo angeweza kusema, "Mungu ametuhurumia." Hakusema hivyo. Aliwaambia wachukue feza zile mikononi wazirudishe, na feza nyingine za kununulia, maana labda watu wa Misri walikosea. Ndugu, Yakobo alikuwa na njaa, na Wamisri hawakuwa watu wa kabila lake. Lakini alifikiri kwanza juu ya kosa la mwingine, si juu ya bahati yake.

Hata sheria ya inchi yetu inajua jambo hili. Katika kitabu cha sheria ya makosa cha 1940, mtu aliyeokota kitu cha mwingine akakificha kwa udanganyifu amefanya kosa lenye kifungo. Kama Serikali inaona hivyo, sisi tunaoitwa watoto wa Mungu tutasema nini?

II. USHUHUDA WANGU

Sipendi kufundisha wengine jambo ambalo mimi mwenyewe nilianguka ndani yake bila kulisema. Kwa hiyo naandika hapa.

Ilikuwa mwezi wa tano 2018, siku ya kwanza ya juma, kisha mvua ya usiku. Nilikuwa nashuka upande wa mpaka. Kando ya mfereji niliona sakoshi ndogo nyeusi, imelowa. Niliiweka chini ya koti, nikarudi nyumbani. Ndani nilikuta dola 180 zilizofungwa katika kipande cha kitenge, faranga 24,000 za Rwanda, kitambulisho cha mwanamke wa ng'ambo, kitabu kidogo chenye majina, na telefone iliyozimika.

Juma lile mtoto wangu alikuwa amefukuzwa shuleni kwa ajili ya minervali. Tulikuwa na deni la dola 60. Wapendwa, sitawadanganya. Niliweka sakoshi chini ya godoro. Sikuambia mama wa watoto, sikuambia mchungaji. Sikusema moyoni, "Nitaiba." Nilisema, "Ngoja kwanza niangalie." Siku ile ilipita, na kesho yake vilevile. Jioni ya siku ya pili ilikuwa zamu yangu kusoma Neno katika maombi. Nilisoma, lakini sikujua nilisoma nini.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimwonyesha mama wa watoto. Hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu: "Telefone hii, umeiweka kwenye umeme?"

Sikuwa nimeiweka. Na nilijua sababu. Sikutaka ilie.

Alichukua telefone akaipeleka kwa kijana anayechajisha telefone za watu. Saa moja haikupita, ikalia. Aliyeita alikuwa binti wa mwenye sakoshi. Walikuwa wanaita bila kupumzika tangu siku ya kwanza.

Nilikwenda kwa mchungaji na sakoshi yote. Mbele ya mashemasi wawili tulihesabu pesa, tukaandika kila kitu kwenye karatasi, wote tukatia sahihi. Kesho yake yule mama alivuka. Mchungaji alimwomba aseme mwenyewe kilicho ndani kabla hajaona. Alisema yote: hesabu ya dola, rangi ya kitenge, hata jina la kwanza katika kitabu. Tulimpa.

Halafu alitueleza. Pesa ile haikuwa yake. Ilikuwa ya likelemba ya wanawake kumi na wawili wanaouza nyanya, na yeye ndiye mchungaji wa pesa. Siku ya pili wenzake walikuja kwake wakasema ameila. Aliapa, hawakusadiki. Aliwapa mbuzi wawili kuwa rehani. Mbuzi mmoja aliuzwa siku ya tatu asubuhi, kwa bei ya chini.

Ndugu, nilikaa pale nikahesabu. Kama ningeiweka telefone kwenye umeme siku ya kwanza jioni, hakuna aliyemwita mwizi, na mbuzi hakuuzwa. Sikugusa hata dola moja, lakini siku mbili zangu zilimfanya mama mwaminifu kuwa mwizi mbele ya jirani zake.

Nilimwambia ukweli mbele ya mchungaji. Alinyamaza sana. Kisha alisema, "Baba Shemasi, umeirudisha. Lakini ulikuwa wapi?"

Nilifuata Walawi 6. Sehemu ya tano ya 180 ni 36. Sikuwa nazo. Nilimpa 20 mwezi wa sita na 16 mwezi wa saba. Mara ya kwanza alikataa, akasema si lazima. Mchungaji akamwambia, "Mama, pokea. Hii si zawadi, ni deni." Mtoto wangu alirudi shuleni kisha juma tatu, nilipomaliza kulipa kidogo kidogo. Hakuna muujiza ulioshuka siku ile. Lakini nilianza tena kusoma Neno na kusikia ninachosoma.

Tangu siku ile najua jambo hili: kuchelewa kurudisha ni mwanzo wa kubaki nacho. Shetani hakuniambia niibe. Aliniambia ningoje.

III. MANENO TUNAYOSEMA ILI TUBAKI NA KITU

1. "Kuokota si kuiba." Ni kweli, kuinama na kuinua kitu si kosa. Torati inakuagiza uinue. Kosa linaanza pale unapojua la kufanya na haulifanyi. Mkono ni uleule, lakini saa imebadilika.

2. "Niliomba, Mungu amenipa." Mungu wetu ana mali nyingi. Hana lazima ya kumnyang'anya mjane wa Kamembe au mwanafunzi wa Kadutu ili akujibu wewe. Kama jibu la maombi yako lina jina la mtu mwingine ndani yake, si jibu, ni jaribu.

3. "Mwenyewe si mtu wetu." Neno hili nililisikia hata kanisani. Ndugu mmoja alisema, "Wa ng'ambo? Wao wameturudishia nini?" Tunajua maumivu yake. Mji huu umeona vita 1996, 1998, 2004, na tena 2025. Kuna nyumba hapa Nguba ambazo hazijamaliza kulia. Lakini tusome Kutoka 23:4. Pale Mungu hasemi juu ya ndugu. Anasema juu ya adui: ukikutana na ng'ombe wake au punda wake amepotea, umrudishie. Mungu alijua kwamba tutauliza, akajibu mbele. Tena, yule mama hakupigana na mtu. Aliuza nyanya. Mambo ya inchi na inchi yana mahali pake pa kuhukumiwa. Sakoshi chini ya godoro langu si mahali pale.

4. "Vita ndiyo imekitupa." Katika Februari 2025, siku mji wetu ulipokuwa bila mlinzi, madepo yalivunjwa. Shirika la Chakula la Ulimwengu, PAM, lilitangaza kwamba karibu tani 7,000 za chakula ziliporwa katika madepo yake hapa Bukavu. Chakula kile kilikuwa cha watu waliokimbia nyumba zao. Wengine walibeba, wengine walinunua kwa bei ndogo, wengine walisema wameokota njiani. Hatuandiki ili kumwonyesha mtu kidole, maana njaa ilikuwa kweli. Lakini tufundishe watoto wetu vizuri: kitu ambacho mwenyewe amenyang'anywa si kitu ambacho hakina mwenyewe. Na kitu ambacho jirani aliacha alipokimbia, kama jiko, kitanda au karatasi za nyumba, kichunge, usikiuze. Atarudi. Sisi wenyewe tumekimbia mara nyingi na kurudi.

5. "Nitabaki maskini, na watu watanicheka." Tumpe mfano kijana wa Liberia, inchi ya Afrika ya Magharibi. Anaitwa Emmanuel Tuloe, naye alikuwa motari wa pikipiki kama vijana wetu wa hapa. Alikuwa ameacha shule. Katika mwaka 2021 alikuta njiani mfuko wa plastiki wenye dola karibu 50,000. Aliupeleka kwa shangazi yake auchunge. Kisha mwenye pesa alipolia katika radio, kijana alijitokeza akarudisha. Kuna wenzake waliomcheka, wakasema atakufa maskini. Rais wa inchi ile, George Weah, alimheshimu na kumzawadia, na kijana alirudi kukaa darasani pamoja na watoto waliomzidi udogo. Tunafurahi kwa ajili yake. Lakini tusikose kuelewa: aliporudisha, hakuwa na ahadi ya Rais. Aliyerudisha ili azawadiwe hajarudisha bado, amefanya biashara. Wengi watarudisha na kupata asante tu, na wengine hata asante hawatapata.

IV. NAMNA YA KURUDISHA

Kanisa letu lina maneno matatu: Bolingo, Mibeko, Misala, maana yake mapendo, amri, matendo. Juu ya kitu kilichopotea, mapendo na amri vinamalizika kwa matendo. Basi tufuate njia hii:

1. Sema siku ile ile. Usilale na siri. Mwambie mwenzako wa nyumba, kisha mchungaji au shemasi. Kitu ambacho watu wawili wanajua hakifichiki kwa urahisi.

2. Hesabu mbele ya mashahidi na kuandika. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 8:20-21, alijihazari mtu asije kumlaumu juu ya pesa za watakatifu. Tuandike siku, mahali, na kila kitu kilichomo. Karatasi hii inakulinda wewe pia, maana mwenyewe anaweza kusema kwamba pesa ilikuwa nyingi zaidi.

3. Telefone, usiizime na usitoe karte yake ya namba. Iweke kwenye umeme. Ikilia, pokea.

4. Tangaza bila kutaja yote. Sema, "Tumeokota sakoshi njia ya kwenda mpakani." Usiseme rangi, usiseme pesa ngapi. Anayekuja, yeye ndiye aseme. Wadanganyifu wako, na kumpa mtu asiye mwenyewe si kurudisha.

5. Tumia njia zilizopo: matangazo ya Siku ya Mungu, mkubwa wa avenue, wachuuzi wanaovuka kila siku, chama cha motari, radio za hapa mjini. Mara nyingi radio zetu zinasoma matangazo ya makaratasi yaliyopotea.

6. Makaratasi yarudishwe hata kama hakuna pesa pamoja nayo. Wengine wanachukua pesa na kutupa makaratasi mferejini. Ni kosa juu ya kosa. Katika inchi yetu, kwa miaka mingi, karte ya uchaguzi ndiyo imetumika kuwa kitambulisho. Mwenye kuipoteza anakwenda kwenye komine kutafuta hati ya kupotelewa, na hati ile si bule. Mchuuzi mdogo bila karte havuki, na asipovuka watoto hawali. Diplome nayo ni miaka ya mtu. Karatasi ambayo kwako haina bei, kwa mwenyewe ndiyo maisha.

7. Usidai malipo. Akikupa asante kwa moyo, pokea kwa heshima. Lakini kusema, "Nipe kwanza, ndipo nikurudishie," ni kuuza kitu cha mtu kwa mwenyewe.

8. Kama mwenyewe haonekani kabisa, kitu kibaki mikononi mwa kanisa pamoja na karatasi yake, kisigawanywe kwa haraka. Hesabu 5:8 inaonyesha kwamba deni lisilo na mtu wa kulipokea linakwenda kwa Bwana, haliendi kwa aliye nalo.

V. MASWALI YA KUJIFUNZA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Katika Kumbukumbu la Torati 22:1-3, Mungu anataka tufanye nini kama hatumjui mwenye kitu?
2. Kwa nini Yakobo hakuhesabu feza za magunia kuwa bahati?
3. Katika ushuhuda, shemasi hakugusa pesa. Kosa lake lilikuwa nini? Nani aliyelilipa kwanza?
4. Kutoka 23:4 inatuambia nini sisi tunaokaa karibu na mpaka?
5. Je, kuna kitu katika nyumba yako kinachongojea mwenyewe? Swali hili usilijibu mbele ya kikundi. Lijibu mbele ya Mungu, kisha simama uende.

Ndugu wapendwa, sisi sote ni watu waliopotea tukatafutwa. Bwana Yesu, katika Luka 15, alifundisha juu ya mwanamke aliyepoteza feza moja, akawasha taa, akafagia nyumba mpaka akaipata, na rafiki zake wakafurahi pamoja naye. Leo pia kuna mama anayefagia. Pengine feza yake iko kwako. Usingoje taa yake imalizike mafuta.

Mungu awabariki. Amina.

Shemasi wa kanisa, Nguba